Bwana Fataki, Ndinga Yako Inapiga Kelele Tu! Mlipe Dogo Injini Yake

Ile video ya ndinga ya bluu yenye rimu za dhahabu mmeshaiona wote, hamna haja ya kuitupia tena hapa. Saa nane usiku, barabara tupu Masaki, staa yuko kwenye usukani na cheni yake shingoni, ekzosi inapiga pa! pa! pa! kama mkesha wa mwaka mpya, na nyuma ulimi wa moto unachungulia. Kepsheni: "STI steji 2, hosipawa 400, msinifuate." Laiki kama mvua. Watoto wa mjini wakachanganyikiwa.

Jina halitajwi, maana wanasheria wa mastaa siku hizi wana njaa kuliko mastaa wenyewe. Aitwe Bwana Fataki. Wanaojua wameshajua.

Sasa irudishe ile video mpaka pale kamera inaposhuka kwenye mkono wake wa kushoto. Simamisha. Unaona nini? Gia ya otomatiki. P, R, N, D, zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Na bodi lile ni la Impreza ya 2006. STI ya mwaka ule ilitoka kiwandani na gia sita za mkono, na ile ya Japani ilikuwa na hosipawa 280. STI ya otomatiki kwa bodi lile Subaru hawakuitengeneza. Kwa hiyo pale kuna Impreza ya kawaida, labda WRX, labda hata tabo haina, iliyobandikwa nembo ya kununua dukani. Na kama ni WRX kweli, lile tabo dogo la kiwandani halina hewa ya kulisha hosipawa 400 hata uliombee mkesha.

Kubandika nembo siyo kosa la jinai. Mjini hapa kuna Mark II Grande ngapi za cc 2000 zinazotembea na nembo ya Tourer V, wakati Tourer V yenyewe ina 1JZ ya tabo ya cc 2500? Mtu anajifurahisha na chombo chake, aachwe. Staa kuvaa saa feki, rimu feki, nembo feki, ni mambo yake na mkewe.

Kesi inaanzia kwenye posti ya pili.

Siku tatu baada ya ile video, Bwana Fataki akatupia tangazo. Yuko na jamaa mmoja kavaa miwani, kashika laptopu. "Huyu ndo fundi wangu, ndo kaifanya ndinga yangu iwe nyoka. Mwambie umetoka kwangu, unapata punguzo." Na tangazo halikuandikwa kuwa la kulipwa. Limeandikwa kama siri ya mshkaji kwa washkaji.

Kuna dogo wa Mbagala, fundi simu, kaliamini. Huyu dogo alihangaika miaka minne kuipata WRX yake. Alianza na boda, akauza, akaongezea, akakopa kwa mjomba. Gari lilikuwa na kilomita 170,000 lakini zima, linalala nyumbani, halijawahi kumsumbua. Akatoa laki nane baada ya hilo punguzo. Yule wa laptopu akamfuata mpaka sehemu ya kuoshea magari, akachomeka waya chini ya dashibodi, akabonyeza bonyeza dakika kama ishirini na tano, akamwambia "tayari, steji 2, kaile lami."

BONETI HAIKUFUNGULIWA. Soma tena hapo.

Fundi hakuangalia plagi. Hakuuliza oili imemwagwa lini. Hakupima kama pampu ya mafuta ina presha ya kutosha. Hakugusa intakula wala rejeta. Na kinachoitwa steji 2 kwa wanaojua kazi ni programu pamoja na vyuma: ekzosi inayopumua, njia ya hewa, mara nyingi na intakula kubwa zaidi. Programu peke yake kwenye gari lenye vyuma vya kiwandani ni steji 1, na hata hiyo inaanza kwa kulipima gari afya.

Siku ya nne dogo kachukua Barabara ya Morogoro anampeleka mdogo wake wa kike shule, bweni. Kabla ya Mlandizi akaanza kuovateki lori la saruji. Katikati ya kuovateki gari likagonga kwa ndani, tii! tii! tii!, likakata nguvu, kioo cha nyuma kikajaa moshi. Mbele linakuja basi la mkoa na taa zimewashwa. Aliyemwokoa ni dereva wa lori, aliyekanyaga breki akamwachia nafasi ya kurudi. Dogo mwenyewe anasema mdogo wake hakuongea neno mpaka walipovutwa kufika Kibaha.

Injini ilipofunguliwa, pistoni moja imekatika pale ringi zinapokaa. Vipande vikakwangua silinda. Kwisha.

Kwa wale ambao hawajui hiki kitu kinatokeaje, ni hivi. WRX za Japani zilitengenezwa zinywe petroli ya bei ya juu ya kulekule, ile ambayo oktani yake huwa karibu na 100. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kukandamizwa bila kujilipukia ovyo. Petroli inayotoka kwenye pampu nyingi za huku iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari, ile kontroboksi, ina sensa ya kusikiliza mgongo wa injini. Ikisikia mchanganyiko umejilipukia ovyo, inarudisha nyuma moto wa plagi ili kuiokoa injini. Ndiyo maana gari la Japani linatembea tu hapa, japo nguvu zake hazitimii zote.

Sasa aje mtu na programu aliyoipakua, iliyoandikiwa gari lingine, nchi nyingine, petroli nyingine. Anaongeza presha ya tabo, anausogeza moto wa plagi mbele, na mafuta hayaongezeki kulingana na hewa kwa sababu pampu imechoka. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, petroli chache, joto kali. Kila pistoni ikipanda inapokelewa na nyundo. Gari linakuwa tamu kweli siku mbili tatu za mwanzo, hapo ndo mtego ulipo. Linaenda kama nyoka huku linajiua.

Na ile pa! pa! pa! iliyowapagawisha watu? Siyo nguvu. Ukiachia mguu, programu inaendelea kumwaga petroli kidogo na inauchelewesha moto wa plagi, basi mchanganyiko unaenda kuungulia kwenye ekzosi. Yaani petroli uliyoilipia inaungua nje ya injini, haisukumi hata tairi moja. Kinachopata faida ni masikio ya majirani. Kinachopata hasara ni tabo na valvu za kutolea moshi, zinaokwa kama mkate.

Kutuni siyo kutuna, jamani.

Halafu kuna wale wazee wa "magari ya kuchezewa ni uhuni tu". Na nyie tulieni. Kuna mafundi Ilala na Gerezani wanaijenga injini ya Subaru kwa heshima utafikiri wanamtahiri mtoto wa mfalme. Ukienda na WRX kwa fundi wa aina hiyo ukamwambia nataka nguvu, anakuudhi. Anaanza na breki. Anakuambia matairi yako ya mtumba yana miaka mingi, tupa. Anapima mgandamizo wa silinda moja moja, nne zote. Anabadilisha plagi, anamwaga oili, anahakikisha rejeta haivuji. Pesa yako inaisha na gari halijaongezeka hata hosipawa moja! Ndipo anafika kwenye programu, na hapo anakaa na laptopu gari likiwa linatembea au liko kwenye mashine ya kupimia nguvu, anasoma namba, anapunguza, anaongeza, siku nzima. Akimaliza anakupa karatasi.

Breki kwanza, na sababu yake ni hesabu ya darasani. Mwendo ukipanda kutoka 50 kwenda 100, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Na kwenye 100 unakula mita kama 28 kila sekunde moja. Bajaji ikikatiza ghafla Tegeta, hizo mita 28 zimeshapita hujaamua hata kukanyaga. Hii huwezi kuiona kwenye video yoyote ya Bwana Fataki. Diski na pedi hazipigi pa pa pa, hazina laiki.

Na bima je? Wengi wa hawa madogo wana bima ndogo tu, na hata wenye bima kubwa hawajawaambia watu wa bima kuwa gari limeongezwa nguvu. Siku ya ajali mkaguzi anafungua boneti, anakuangalia, anafunga kabrasha lake.

Mashabiki wa staa wameshaanza: wivu, njaa, kutafuta kiki. Wengine wanasema dogo ni mtu mzima, hakulazimishwa. Sawa, hakulazimishwa. Lakini aliambiwa "huyu ndo kaifanya ndinga yangu", na ndinga yenyewe, kwa ushahidi wa video ya mwenyewe, siyo ile iliyotajwa. Hosipawa 400 hazipo. STI haipo. Sasa kama gari la kwenye tangazo ni uongo, ule utaalamu uliotangazwa kwa kutumia gari hilo ni nini?

Dogo alimwandikia staa inboksi. Kwa adabu kabisa, "kaka shikamoo, samahani kwa usumbufu," na picha ya pistoni. Ujumbe ukasomwa. Kesho yake kablokiwa. Akampigia wa laptopu, akajibiwa kuwa injini yake ilikuwa na ugonjwa wake toka zamani. Inawezekana kweli ilikuwa nao! Ndo maana huwa inapimwa KABLA, kaka. Daktari hamchani mtu tumbo halafu akagundua baadaye kuwa alikuwa na presha.

Bwana Fataki, kazi unayoijua ni muziki, na muziki wako mzuri, hilo hakuna anayelibishia. Mambo matatu tu. Weka karatasi ya vipimo ya hizo hosipawa 400. Sema ulilipwa shilingi ngapi kwa lile tangazo. Kisha hiyo hela, yote, mpe dogo akatafute injini ya mtumba, kwa sababu alipoulizia katajiwa bei inayozidi boda mbili, na yeye boda aliyokuwa nayo alishaiuza.

WRX yenyewe iko uani kwa mjomba, Mbagala, juu ya mawe. Rimu zimeshauzwa kulipia breki-dauni mpaka nyumbani na ada ya mdogo mtu. Mpaka jana usiku, lile tangazo la punguzo lilikuwa bado limebandikwa juu kabisa kwenye ukurasa wa staa.