Meneja akifukuzwa, mwenye hisa asikimbilie kununua

Hakuna habari inayompendeza mwekezaji mdogo kama ile ya meneja kufukuzwa kazi. Kampuni imekula hasara miaka mitatu mfululizo, gawio halionekani, bei ya hisa imelala chini. Ghafla bodi inatoa tangazo la aya mbili kwamba bosi ameondoka na nafasi yake imechukuliwa na mtu mwingine. Siku hiyo hiyo simu za madalali wa hisa huanza kulia. Watu hununua kwa imani kwamba mchawi ameshapatikana.

Makala haya yana shauri moja kwa watu hao: subirini kwanza. Ushahidi wake hautoki viwandani wala kwenye mabenki, bali kwenye biashara moja ya Marekani ambayo hufukuza mameneja hadharani, na ambayo matokeo yake huandikwa gazetini kila asubuhi. Biashara hiyo ni mchezo wa besiboli.

Wengi wetu hatuujui mchezo wenyewe, na si lazima kuujua. Inatosha kufahamu mambo matatu. Kwanza, kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu, kwa hiyo hesabu zake ni ndefu vya kutosha kumpima mtu. Pili, anayeitwa meneja kule ndiye ambaye sisi tungemwita kocha: anapanga nani acheze na nani apumzike. Tatu, wachezaji hawanunui yeye. Hununuliwa na ofisi, yaani meneja mkuu au rais wa shughuli za besiboli, kwa fedha na ruhusa ya mwenye timu. Kwa lugha ya dukani, meneja ni muuzaji aliyesimama nyuma ya kaunta. Ofisi ndiyo inayokwenda kununua mali. Na mwenye timu ndiye mwenye mtaji.

Duka likikosa wateja, nani wa kulaumiwa? Jibu linategemea kama ubaya uko kwenye mdomo wa muuzaji au kwenye rafu.

Tutazame wiki moja ya Juni 2022. Tarehe 3, timu ya Philadelphia Phillies ilimfukuza meneja wake, Joe Girardi, ikiwa imeshinda michezo 22 na kupoteza 29. Siku nne baadaye, Los Angeles Angels nayo ilimfukuza Joe Maddon. Timu yake ilikuwa imeshinda 27 na kupoteza 29, na ilikuwa imepigwa michezo 12 mfululizo. Wote wawili walikuwa watu wenye majina: Girardi alitwaa ubingwa na New York Yankees mwaka 2009, Maddon na Chicago Cubs mwaka 2016. Na timu zote mbili zilimpa nafasi mtu ambaye tayari alikuwa benchi kama msaidizi.

Mwekezaji aliyesoma vichwa vya habari tu asingeweza kuzitofautisha habari hizi mbili. Lakini tazama matokeo. Phillies chini ya Rob Thomson ilishinda 65 na kupoteza 46, ikafika fainali za World Series. Angels chini ya Phil Nevin ilipoteza michezo mingine miwili ya mwanzo, ikamaliza ngwe hiyo kwa kushinda 46 na kupoteza 60.

Je, Thomson ni bingwa na Nevin ni mbumbumbu? Hesabu hiyo ni rahisi mno. Phillies ilikuwa na mali rafuni. Bryce Harper alikuwa pale tangu 2019 kwa mkataba wa Dola milioni 330, na miezi mitatu tu kabla ya Girardi kufukuzwa, ofisi ilikuwa imewaongeza Kyle Schwarber kwa Dola milioni 79 na Nick Castellanos kwa Dola milioni 100. Timu ile ilikuwa nzuri kuliko hesabu zake za wakati ule. Angels nayo ilikuwa na vito viwili, Mike Trout na Shohei Ohtani, lakini sehemu kubwa ya fedha yake ilikuwa imekwama kwa Anthony Rendon, aliyepewa Dola milioni 245 kwa miaka saba mwaka 2019 na ambaye majeraha yamemweka nje muda mwingi. Rafu zilizobaki zilikuwa tupu.

Kilichofuata kinathibitisha hivyo. Tangu Mike Scioscia aondoke mwishoni mwa 2018, kiti cha meneja wa Angels kimekaliwa na Ausmus, Maddon, Nevin, Washington, kisha Suzuki aliyeajiriwa Oktoba 2025. Katika misimu kumi kuanzia 2016 hadi 2025, hakuna hata mmoja ambao timu hiyo ilishinda michezo mingi kuliko iliyopoteza. Ohtani mwenyewe aliondoka Desemba 2023. Mwenye timu, Arte Moreno, aliinunua mwaka 2003, na wakati mameneja hao wakipishana mlangoni, yeye alikuwa pale pale.

Lipo jambo jingine ambalo wafanyabiashara wa nafaka wanalijua hata bila kusoma chuo. Bei ya maharage ikishafika kileleni, mara nyingi hushuka hata kama waziri hakusema neno. Ikishaanguka mno, hupanda. Meneja naye hufukuzwa wakati hali ikiwa mbaya kupita kiasi. Basi hata kama wangeweka gunia la mchanga kwenye kiti chake, timu nyingi zingepata nafuu kidogo, kwa sababu bahati mbaya nayo huchoka. Nafuu hiyo ndiyo ambayo bodi huisifia kuwa ni kazi ya meneja mpya, na ndiyo ambayo mwekezaji mwenye haraka huilipia.

Na pale ambapo ubaya ni wa ndani kabisa, hata nafuu hiyo haiji. Mwaka 1988 Baltimore Orioles ilimfukuza Cal Ripken mkubwa baada ya michezo sita tu, yote ikiwa imepotea. Akaletwa Frank Robinson, mmoja wa wachezaji wakubwa katika historia ya timu hiyo. Timu ikapoteza mingine 15 kabla ya kuonja ushindi, ikamaliza msimu na vipigo 107.

Wapo watakaonipinga kwa kutaja Florida Marlins ya 2003. Mwezi Mei mwaka huo ilimwondoa Jeff Torborg ikiwa imeshinda 16 na kupoteza 22, ikamleta mzee wa miaka 72, Jack McKeon. Mzee huyo alishinda 75, akapoteza 49, akatwaa World Series mbele ya Yankees. Ni kweli tupu. Lakini katika wiki hizo hizo za Mei na Juni, ofisi iliwapandisha kutoka timu za chini vijana wawili, Dontrelle Willis na Miguel Cabrera. Muuzaji mpya alifika pamoja na mzigo mpya. Sisemi McKeon hakufanya kazi; nasema sifa zisiandikwe kwa jina moja.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni ule wa mtu mmoja kuwekwa kwenye maduka mawili tofauti. Joe Torre alikuwa meneja wa New York Mets, Atlanta Braves na St. Louis Cardinals, na zote tatu zilimfukuza. Alipokuja Yankees kwa msimu wa 1996, alikuwa amepoteza michezo mingi kuliko aliyoshinda. Kisha akatwaa ubingwa mwaka 1996, 1998, 1999 na 2000. Je, Torre alipata akili akiwa na umri wa miaka 55? Hapana. Alikuta ghala limejaa.

Na ghala lilijaaje? Hapo ndipo penye somo lenyewe. George Steinbrenner aliinunua Yankees mwaka 1973 kwa takriban Dola milioni 10. Katika misimu yake 23 ya kwanza alibadili meneja mara 20. Billy Martin peke yake aliajiriwa mara tano na kuondoka mara tano. Yogi Berra, mtu mwenye heshima kubwa katika timu hiyo, aliondolewa mwaka 1985 baada ya michezo 16, akasusa kukanyaga uwanja wa timu hiyo kwa miaka 14. Wanaomtetea Steinbrenner hutaja ubingwa wa 1977 na 1978, na haki yao. Lakini baada ya hapo timu ilikaa hadi 1996 bila kombe, huku mameneja wakiingia na kutoka kama abiria wa daladala.

Mwaka 1990 Steinbrenner alifungiwa na wakuu wa ligi kuendesha timu yake, kwa kumlipa mcheza kamari ili apate habari za kumchafua mchezaji wake mwenyewe, Dave Winfield. Alirudi 1993. Katika kipindi hicho meneja mkuu, Gene Michael, alipata nafasi ya kufanya kazi bila kupigiwa kelele. Derek Jeter alichaguliwa mwaka 1992. Bernie Williams, Mariano Rivera, Andy Pettitte na Jorge Posada waliachwa wakomae badala ya kuuzwa ili kununua wazee wenye majina. Torre alikuja kuvuna. Kwa maneno mengine, dawa ya Yankees haikuwa kubadili meneja kwa mara ya ishirini na moja, bali kumnyamazisha kwa muda yule aliyekuwa akiwabadili.

Kwa nini basi wenye timu huendelea kufukuza? Kwa sababu ni rahisi. Novemba 2023 Chicago Cubs ilimpa Craig Counsell Dola milioni 40 kwa miaka mitano, na huo ulikuwa mkataba mkubwa kuliko wowote ambao meneja wa besiboli alikuwa amewahi kupata. Hiyo ni Dola milioni nane kwa mwaka. Rendon alikuwa akigharimu Dola milioni 35 kwa mwaka, na mkataba wake lazima ulipwe acheze asicheze. Aliyekosea kununua hawezi kurudisha mzigo dukani, lakini anaweza kumtoa muuzaji mbele ya watu na kuonekana amechukua hatua. Mashabiki wa Simba na Yanga hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ziko timu zinazofanya vinginevyo. Agosti 2022 Texas Rangers ilimfukuza meneja Chris Woodward, na siku mbili baadaye ikamfukuza pia Jon Daniels, mkuu wa ofisi aliyemwajiri. Chris Young akakabidhiwa ofisi, akamleta Bruce Bochy, akaongeza warusha mpira juu ya Corey Seager na Marcus Semien waliokwisha nunuliwa. Mwaka 2023 wakatwaa ubingwa. Lakini hata hapo tusilewe: mwaka 2024, Bochy yule yule, akiwa kwenye kiti kile kile, alishinda 78 na kupoteza 84.

Linganisha na Colorado Rockies. Mei 10, 2025 ilipigwa 21 kwa 0 nyumbani kwake. Kesho yake ikashinda, na siku hiyo hiyo ikamfukuza Bud Black, ikiwa imeshinda 7 na kupoteza 33. Mkuu wa ofisi aliyenunua wachezaji wale alibaki hadi msimu ulipokwisha. Warren Schaeffer akarithi rafu zile zile, na timu ikamaliza na vipigo 119.

Sasa turudi kwenye hisa zetu. Msomaji wa ukurasa huu si Steinbrenner. Ni mama mwenye duka la vitenge aliyeweka faida ya miaka miwili kwenye hisa mia chache, au mwalimu aliyenunua kwa kiinua mgongo chake. Akikosea, hana mkataba mwingine wa kumfidia. Kwa hiyo tangazo la kufukuzwa meneja likitoka, ajiulize maswali matatu kabla hajampigia dalali.

La kwanza: aliyemwajiri huyu anayefukuzwa yuko wapi? Ikiwa mwenyekiti na wajumbe wa bodi ni wale wale waliomchagua, wakamsifu kwenye ripoti ya mwaka jana na kupitisha kila mkopo alioomba, basi waliofukuza wamejisamehe wenyewe.

La pili: rafuni pana nini? Meneja mpya hafuti deni la benki, hageuzi mtambo wa zamani kuwa mpya, wala hauzi bidhaa ambayo wateja wameikataa. Mizania ya kampuni ndiyo orodha ya wachezaji. Isome kabla ya kusoma wasifu wa bosi. Ukikuta mali ni nzuri na deni linabebeka, hapo huenda una Phillies mkononi. Ukikuta vito viwili na mzigo wa madeni, una Angels.

La tatu: bei imeshapanda kiasi gani kwa furaha tupu? Ukinunua siku ya tangazo, unalipia matumaini ya watu wengine. Ngoja hesabu za vipindi viwili. Nafuu ya kwanza inaweza kuwa bahati mbaya iliyochoka. Ya pili ndiyo huanza kusema ukweli. Utakuwa umekosa faida kidogo ya mwanzo, lakini akiba yako utakuwa nayo.

Mwiko mpya hautoi chumvi iliyokwisha zidi mchuzini. Mkutano mkuu wa wanahisa ukiitishwa, mwenye hisa mia ana haki ya kusimama na kuuliza kama mwenye hisa milioni. Asiulize meneja mpya ni nani. Aulize nani alikuwa akinunua mali, kwa bei gani, na kwa nini bado amekaa meza kuu.