KONA YA FAMILIA: Mdogo wangu yuko wapi?

Mwezi huu tulimsaidia dada mmoja kuandika barua. Mwaka 2008 walikimbia vurugu za uchaguzi wa Kenya wakapitia Busia, na mdogo wake wa miaka mitatu, mgonjwa, akabaki kwa familia moja huku Kirewa. Wao walipelekwa Mulanda, halafu Kiryandongo. Karatasi hakuna.

Jamani, hapo ndipo pagumu. Mtoto anayeasiliwa kwa sheria ya Uganda hupitia mahakamani, kwa hiyo faili lipo. Huyu alipokelewa kwa huruma tu, na huenda jina walishambadilisha. Basi tukaandika jina lake la utotoni, kovu la goti na jina la nyanya yao. Ninyi pia anzeni kwa mwenyekiti wa LC1, kisha Msalaba Mwekundu. Ni bure! (Kuna mtu alishamla dada huyu elfu hamsini.)

Tulimweleza kwamba kijana akipatikana, ataulizwa kwanza kama anakubali anwani yake itolewe. Dada akanyamaza. Kisha akasema, “Akikataa, waniambie tu kama yuko hai.” Tukaliandika na hilo.