Tuwafunze Vijana Kutoa na Kupokea Maoni

Hapana shaka kwamba ufundi wa kuchora matangazo, nembo, kadi za arusi na mabango ya maduka umekuwa mlango mmojawapo wa riziki kwa vijana wa Bofu na Likoni kwa jumla. Zamani fundi wa kazi hii alihitaji ngazi, burashi na makopo ya rangi. Siku hizi ahitaji tarakilishi, au hata simu tu, na mteja wake si lazima awe jirani. Aweza kuwa ng'ambo ya kivuko, aweza kuwa Nairobi, aweza kuwa Dubai. Nyaya za SEACOM na TEAMS, zilizofikishwa Mombasa kupitia baharini mwaka wa 2009, ziliufanya mji wetu huu kuwa mojawapo ya malango ya mtandao katika Afrika Mashariki. Lango basi li wazi. Linalonitia wasiwasi ni kwamba vijana wetu wanaingia humo wakiwa na mikono hodari na ndimi zisizofunzwa.

Mimi ni mkazi wa Bofu, na ugomvi wa aina moja nimeusikia mara nyingi mno mtaani hata sasa naweza kuusimulia kabla haujaanza. Mteja humwagiza kijana amchoree tangazo la duka. Kijana hukesha, akalimaliza, akalituma kwa WhatsApp. Mteja hujibu: "Halijakaa sawa." Kijana huuliza kasoro iko wapi, naye huambiwa: "Wewe lifanye livutie tu." Basi hubadilisha rangi, akabadilisha herufi, akalituma tena. Hufika mara ya sita, na mwisho mteja hulichagua lile la kwanza, au hunyamaza kabisa. Na akilipeleka kuchapishwa, huenda ikagunduliwa kwamba nambari ya simu imekosewa. Hapo kila mmoja husema aliyekosa ni mwenzake, kwa kuwa hakuna ajuaye ni nakala ipi iliyokubaliwa, na nani, na siku gani. Malipo hupotea, na udugu huingia doa.

Yapo mashauri ya kisasa kwa tatizo hili. Mwaka wa 2012 Dylan Field na Evan Wallace walianzisha kule Marekani kampuni ya Figma, ambayo programu yake ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2016. Kabla yake ilikuwako Behance, iliyoanza 2005, mahali ambapo wachoraji wa dunia nzima huanika kazi zao. Tangu hapo vyombo vya namna hii vimekuwa vingi, na utaratibu wao haupishani sana. Fundi huiweka kazi mahali pamoja mtandaoni, kisha humpa mteja anwani yake. Mteja huifungua, hugusa pale penye kasoro, akaandika neno lake, na neno hilo hubaki limebandikwa papo hapo. Fundi hujibu chini yake. Jambo likitengenezwa hutiwa alama kwamba limekwisha. Katika vyombo vilivyo bora nakala za awali nazo huhifadhiwa, na yeyote aweza kurudi nyuma akaona nini kilibadilishwa na lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vyombo hivi ni daftari la mchoraji, na kijana anayefanya kazi bila daftari asishangae mali yake ikipotea.

Hata hivyo daftari halimfunzi mtu kuandika. Mteja asiyejua kueleza kinachomkera ataandika "halivutii" ndani ya Figma kama alivyoandika katika WhatsApp, ila safari hii litakuwa limebandikwa vizuri zaidi. Na kijana anayechukulia kila neno la mteja kuwa ni tusi atakasirika mbele ya chombo cha bei ghali kama anavyokasirika mbele ya simu yake. Kutoa maoni juu ya kazi ya mtu na kuyapokea ya wengine ni elimu, na elimu mahali pake ni darasani. Huu ndio muradi wangu leo, na ndiyo sababu nawaelekea walimu kabla ya kuwaelekea wenye vyombo.

Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Tazama leso, ambayo kwingine huitwa kanga. Mama wa Pwani akiingia dukani kuchagua leso hasemi tu kwamba hii nzuri na hii mbaya. Atasema pindo limezidi unene, au mji umejaa maua mno, au rangi ni nzuri lakini jina halimfai mtu wa kupelekewa. Pindo, mji na jina: kila sehemu ina neno lake, na kwa kuwa ina neno, yaweza kusifiwa au kutiwa kasoro peke yake. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka wa 1887 na ambalo leso zake hujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", lilijipatia sifa kwa biashara hii ya kujua wateja wanataka pindo gani na maneno gani.

Tena tukumbuke kwamba leso nyingi za zamani hazikuchapishwa hapa. Zilitoka India, Japani na Ulaya, na miongoni mwa waliozichapisha kwa soko letu ni kiwanda cha van Vlissingen cha mji wa Helmond, Uholanzi. Mchapaji wa Helmond hakumwona mama wa Mombasa wala hakuijua lugha yake. Alichopata ni sampuli na maagizo ya wafanyabiashara, yakisafiri kwa meli. Agizo lisemalo "ifanye ivutie" lingezaa shehena nzima ya nguo isiyonunulika. Umbali uliwalazimisha watu kusema kwa usahihi. Kijana wa Bofu mwenye mteja Dubai yuko katika hali iyo hiyo, tofauti ikiwa ni kwamba jibu lake lafika kwa nukta chache badala ya miezi, na wepesi huo ndio unaomdanganya kwamba usahihi hauhitajiki tena.

Basi darasani tufunze nini? Kwanza, kuitaja sehemu. Mwanafunzi ajue kusema kwamba ukubwa wa herufi za jina la duka ni mdogo, kwamba nafasi baina ya mistari imebana, kwamba rangi ya maandishi na ya usuli zinakaribiana hata mtu aliye ng'ambo ya barabara hawezi kusoma. Pili, kutoa sababu. "Sipendi buluu" ni neno la nafsi ya mtu. "Buluu hii inafanana na ya duka la jirani, na wateja watatuchanganya" ni neno la kazi, na fundi aweza kulitendea jambo. Tatu, kumjua mwenye kauli ya mwisho. Iwapo watu watano wanatoa maoni, nani ataamua? Na akiisha kuamua, aandike kwamba amekubali nakala ipi, na siku ipi. Kwa upande wake mpokeaji ajifunze kusikiliza mpaka mwisho, kuuliza pale asipoelewa, na kutofautisha kazi yake na nafsi yake.

Najua nitaambiwa kwamba shule zetu nyingi hazina tarakilishi za kutosha. Ni kweli, lakini somo hili halihitaji umeme. Mwalimu na afunge kamba ukutani, wanafunzi watundike michoro yao, na kila mmoja apewe vijikaratasi vyenye nambari abandike maoni yake mahali panapohusika, kila karatasi na jambo moja na sababu yake. Mwenye mchoro ajibu kila nambari kwa maandishi: nimetengeneza, au sikutengeneza kwa sababu hii. Hiyo ndiyo Figma bila waya. Siku watakapoipata tarakilishi watakuta kazi wanaijua, kilichobaki ni kujifunza vifungo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, unatutaka tayari tuwaache wanafunzi watathminiane na kuhifadhi kazi zao. Nafasi ipo.

Hapa sina budi kusema neno litakalotugusa sisi wenyewe walimu. Mwanafunzi hujifunza kutoa maoni kutokana na maoni anayopewa. Tazameni madaftari yao. Chini ya insha ya kurasa tatu mmekuta mara ngapi neno moja kwa wino mwekundu: "Jitahidi"? Ajitahidi wapi? Katika tahajia, katika hoja, au katika mwandiko? "Jitahidi" ya mwalimu na "lifanye livutie" ya mteja ni ndugu wa tumbo moja. Madarasa ni makubwa na saa ni chache, nakubali. Hata hivyo sentensi moja inayotaja sehemu moja na sababu yake humfaa mtoto kuliko alama nyekundu kumi.

Kwa wanafunzi ambao wamekwisha kuanza kuchora kwa malipo nina nasaha tatu. Mosi, rangi za kioo cha simu hutokana na mwanga, za karatasi hutokana na wino, na hizo mbili hazilingani. Mteja aliyeikubali kazi kwenye simu mwonyeshe sampuli iliyochapishwa kabla ya kuchapisha mia. Pili, vyombo vya mtandaoni ni nyumba ya kupanga. InVision, iliyokuwa ikitumiwa na wachoraji wengi kwa kazi hii hii ya kukusanya maoni, ilifunga huduma zake mwishoni mwa 2024. Weka nakala zako mwenyewe. Tatu, jueni sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wako huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmepatana vinginevyo. Mapatano basi yaandikwe kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Wako watakaosema kwamba wateja wa Likoni hawataki mambo haya, wao watataka WhatsApp na ujumbe wa sauti. Na iwe hivyo. Fundi aliyefunzwa atausikiliza ujumbe wa sauti, atayaandika yaliyomo kwa nambari, kisha atamrudishia mteja na kumwuliza: "Je, haya manne ndiyo uliyoyasema, na la tano halipo?" Mteja akijibu ndiyo, daftari limepatikana.

Kazi ya kuchora haina kivuko cha kusubiri wala nauli ya kulipa, na mtoto wa Bofu aweza kushindana na wa Nairobi na wa Dubai akiwa amekaa kwao. Mkono wake hauna upungufu wowote. Nawasihi walimu wa sanaa, wa Kiswahili na wa vyuo vya ufundi wapange somo hili muhula ujao, hata kama ni kipindi kimoja kwa juma, na wanafunzi wasingoje kuambiwa: leo hii mchukue kazi ya mwenzako, utaje sehemu moja, utoe sababu moja, kisha umpe yako naye aitazame.