Nyangezi: Motokari ya mzee inauzishwa bei gani, wakati benki zimefungwa?

Tangu benki za Bukavu zifunge milango mwezi wa pili 2025, familia nyingi za huku kwetu zimebaki na mali ambayo haigeuki pesa haraka: parseli, ng'ombe, mbao, na kwa wachache, motokari ya zamani iliyolala nyuma ya nyumba. Ng'ombe ana bei inayojulikana sokoni. Parseli ina majirani wa kuuliza. Lakini ile Land Cruiser ya mwaka 1982, ambayo mzee ameitunza miaka makumi matatu na zaidi, nani anajua bei yake? Hapo ndipo komisioneri anafika, anaizunguka mara mbili, anagonga mlango kwa kidole, na kusema: "Mzee, hii ni feraye tu."

Si feraye. Na yeye anajua.

Neno moja kwanza, juu ya lugha. Hapa kwetu mtu akisema "niliuza motoka", wengi tunasikia kwamba alinunua. Mtu wa Dar es Salaam akisikia hivyo anaelewa kinyume. Katika makala hii "kuuzisha" ni kutoa mali na kupokea pesa, na "kununua" ni kutoa pesa na kupokea mali. Siyo mchezo wa maneno. Tunaona karatasi za mauzo zilizoandikwa kwa Kiswahili ambamo huwezi kujua nani alimpa nani gari. Kama mnaandika karatasi yenu wenyewe, andikeni waziwazi: fulani ametoa gari, fulani ametoa pesa.

Sasa gari. Land Cruiser ya aina ya 40 Toyota iliitengeneza kuanzia 1960 mpaka 1984. Nyuma yake ikaja ya 70, ambayo kiwanda kinaitengeneza mpaka leo. Zile za mwisho za 40, HJ47, zina moteri ya mazuti inayoitwa 2H: silinda sita, litri 4, pampu ya chuma, hakuna kompyuta hata moja. Fundi wa Munya mwenye funguo na akili anaweza kuifungua chini ya muembe na kuifunga tena. Gari za sasa zinazotoka Mombasa au Dar es Salaam zikizimika njiani Mwenga, mara nyingi zinangojea mtu mwenye mashine ya kusoma makosa, na mtu huyo yuko mjini.

Tena kuna usukani. Kongo tunatembea mkono wa kuume wa barabara, kwa hiyo usukani ungepaswa kuwa kushoto. Gari nyingi zinazoingia kupitia Afrika ya mashariki zina usukani wa kuume, juu kule wanatembea kushoto. Mwenye kupanda Ngomo na usukani wa kuume, nyuma ya lori, lazima aombe kwanza abiria amwangalilie mbele ndipo apite. Ile 40 ya mzee, iliyoletwa zamani na misioni, mradi, ao shamba la kinkina, mara nyingi ina usukani kushoto. Hiyo peke yake ni pesa, na komisioneri hataitaja.

Kuna wenye kufanya kosa la upande wa pili. Kijana anafungua telefoni, anaona 40 iliyotengenezwa upya Amerika inaombwa dola makumi ya maelfu, anamwambia baba: tumekuwa matajiri. Ni kweli kuna dunia ambamo gari la zamani linapanda bei kadiri linavyozeeka. Hata karibu nasi, Nairobi, kuna Concours d'Elegance iliyoanza zamani za miaka ya 1970, ambamo waamuzi wanahesabia magari pointi kwa usafi na kwa jinsi yalivyobaki kama yalivyotoka kiwandani. Lakini yule mnunuzi wa mbali analipa uasili: moteri ya kwanza, rangi ya kwanza, karatasi tangu siku ya kwanza. Gari letu limebadilishwa moteri, limechomelewa mlango, na viti vyake ni vya Hiace. Ongeza safari mpaka bandari ya Mombasa, na mipaka, na mihuri. Bei ya telefoni haitufikii.

Basi bei ya kweli iko katikati, na ina njia ya kuihesabu. Usiulize "gari ni ngapi?" Uliza fundi wawili wasiojuana: moteri peke yake ingetoka kwa ngapi? Giaboksi? Diferensiali mbili? Rimu na matairi? Tuseme, kwa mfano tu, wanakupa jumla ya dola 3.800 kwa vipande. Hiyo ndiyo sakafu. Gari linalowaka na kutembea haliwezi kwenda chini ya vipande vyake, juu mnunuzi anaweza kulifungua kesho asubuhi na kupata faida. Akikuambia 1.500, ujue tayari amepata watu wa zile 2.300 zinazobaki.

Kwa Land Rover hesabu ina jambo lake. Karoseri yake si bati la kawaida, ni alumini iliyochanganywa na metali zingine. Waingereza walichagua hiyo baada ya vita vya 1945, wakati chuma cha karatasi kilikuwa haba. Huku kwetu alumini inayeyushwa na kugeuka sufuria. Kwa hiyo hata Land Rover isiyowaka ina mnunuzi. Uipimishe kilo kabla ya kukubali bei ya jumla.

Kama hesabu ni rahisi hivyo, kwa nini watu wanauzisha chini ya sakafu? Kwa maoni yangu sababu si ujinga wala ujanja wa komisioneri. Ni haraka. Mtoto yuko hospitali, minerval imefika, nyumba ya kupanga Bukavu inadai miezi sita. Zamani mtu angekopa kidogo benki ao kwenye koperative, angoje mnunuzi mwema miezi mitatu. Leo, mwenye akaunti anavuka Kamembe kutafuta pesa yake, ao anapitisha kwa telefoni na kukatwa asilimia njiani. Mwenye kushika dola mkononi ndiye anayesema bei. Tena anachagua noti: akitoa 100 iliyopasuka kidogo ao ya zamani, wewe utakayeipokea utaipunguzia bei dukani. Hakikisha noti mchana, mbele ya mtu anayezijua, kabla ya kutia sahihi.

Haraka inapunguzwa na jambo moja tu ninaloliona: kuuzisha kabla ya shida. Gari lililosimama miaka miwili linakula bei yake lenyewe. Betri inakufa, matairi yanapasuka, panya wanakula waya. Kama familia imeshaona kwamba hakuna wa kuliendesha, ni heri litembee mpaka kwa mnunuzi kwa miguu yake.

Tuje kwenye karatasi, na hapa ndipo bei inavunjika kabisa. Mobutu alipotangaza zairianizasio tarehe 30 Novemba 1973, mashamba na magari yalibadilisha mikono bila karatasi kufuata sikuzote. Vita vya 1996 na 1998 vikachukua mengine, na maofisi yakapoteza mafaili. Ndiyo maana unaweza kukuta karte roze yenye jina la kampuni isiyokuwapo tena, na plaki ya mtindo wa zamani. Gari bila karte roze linanunuliwa kama vipande, hata kama linawaka vizuri.

Na leo kumeongezeka jambo lingine. Bukavu na Nyangezi ziko chini ya AFC/M23 tangu Februari 2025. Serikali ya jimbo ya Kinshasa ilihamia Uvira. Sisi hapa si mahakama ya kusema nani mwenye haki. Ninachosema ni kwamba anayenunua anajiuliza kama muhuri wa upande huu utakubaliwa kwenye barieri ya upande ule, na anatoa wasiwasi wake kwenye bei. Dawa nzima haipo. Kidogo kinachowezekana: usitupe karatasi yoyote ya zamani, hata vinyeti ya mwaka 2009, hata risiti ya DPMER. Piga picha nambari ya shasi. Fanyeni karatasi ya mauzo nakala tatu, na mashahidi wa pande zote mbili, na kopi za vitambulisho. Karatasi ndefu ya matumizi ya gari inaonyesha kwamba halikuibwa, na katika majira haya mnunuzi mwema anaogopa gari la wizi kuliko gari la kutu.

Kuna wenye gari, na kuna warithi wa mwenye gari. Mzee akishafariki, kijana wa kwanza mara nyingi anashika funguo na kujiona mwenyewe. Sheria haisemi hivyo. Kodi ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaweka watoto wote kwenye kundi la kwanza la warithi, wasichana sawa na wavulana, na kundi hilo linapata robo tatu za mali. Robo inayobaki inagusa mjane, wazazi, na ndugu wa marehemu. Mtoto wa kwanza anaweza kuwa mwenye kusimamia urithi, lakini kusimamia si kumiliki. Mnunuzi mwenye akili ataomba sahihi ya mama na ya dada. Mwenye kuogopa sahihi hizo ndiye wa kuogopwa. Na bei ikikubaliwa na wote, hata ikiwa ndogo, hakuna atakayekuja mwaka ujao kufungia gari la watu njiani.

Jambo la mwisho linasahaulika karibu kila mara. Mpaka jina libadilishwe kwenye karte roze, mtu wa kwanza kutafutwa ajali ikitokea ni yule mwenye jina. Asiransi ya kugonga watu ni ya lazima Kongo tangu 1973, na gari la zamani mara nyingi halina. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mauzo msiandike tarehe tu. Andikeni na saa ambayo funguo zilitoka mkononi. Kama gari limeondoka Munya saa nane mchana na limeanguka Ngomo saa tisa, ile saa moja ndiyo itakayosema nani anajibu.