NYUMBANI MWETU: Ukoko mweupe wa bafuni si uchafu



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa Kihagara, kule ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Binti yake ameolewa Dodoma, na nyumba waliyopanga ina bafu lenye bomba la mvua la umeme, lile ambalo wengine huliita shawa. Baada ya miezi michache matundu ya bomba hilo yalianza kuziba moja baada ya jingine. Maji yanayotoka yanaruka pembeni na kupiga ukuta, na vigae vimeota ukoko mweupe usiong'oka kwa sabuni wala kwa waya wa kusugulia sufuria. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea alilitazama bafu, akanyamaza, kisha jioni akamwambia mwanawe kwamba wasichana waliozoea kuoga ziwani hawajui kutunza nyumba. Binti alilia. Sasa mama yake anatuuliza: mwanangu amekosea wapi?

Mama mpenzi, binti yako hajakosea popote. Ukoko ule si uchafu wa mtu, bali ni mawe. Ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, ikaganda pale maji yalipopata moto au yalipokauka. Hata nyumba inayosafishwa mara mbili kwa siku hupata ukoko huo, kama maji yake ni ya namna hiyo. Tena anayesugua kwa nguvu zaidi ndiye anayeharibu zaidi, kwa sababu waya hukwaruza vigae, na chokaa hupenda kushika mahali palipokwaruzwa.

Inafaa tueleze jambo hili linavyotokea, maana anayelielewa hatamlaumu mkwe wake.

Mvua inaponyesha, maji yake hayana chokaa. Yakipita hewani na hasa yakizama ardhini, huchukua hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa tunapopumua, nayo huyafanya yawe na ukali kidogo. Maji hayo yakikutana na udongo au mwamba wenye chokaa, huiyeyusha taratibu na kuibeba. Ukiyatazama kwenye glasi huoni kitu. Lakini ukiyachemsha, ile hewa hutoka, na chokaa haina tena cha kuishikilia, hivyo inashuka na kuganda kwenye birika, kwenye koili ya hita, na kwenye matundu ya bomba. Maji ya namna hii shuleni tulifundishwa kuyaita maji magumu.

Maji ya Ziwa Nyasa ni laini. Mito inayoingia ziwani kutoka milima ya Livingstone na nyanda za juu za Umatengo hupita juu ya miamba ya kale ambayo haina chokaa nyingi ya kutoa. Kwa hiyo mama wa Kihagara akiosha nguo, kipande kidogo cha sabuni kinampa povu tele, na sufuria yake ya chai, ingawa nje ni nyeusi kwa moshi, ndani haioti gamba la kuzungumziwa. Hapo ndipo binti huyu alipojifunzia kazi za nyumbani. Hakuna aliyemfundisha kupambana na chokaa kwa sababu kwao tatizo hilo halikuwepo.

Dodoma ni mahali pengine kabisa. Mji huo, ulioamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973 na ambao watumishi wengi walihamia baada ya agizo la mwaka 2016, kwa miaka mingi umetegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Maji ya chini ya ardhi katika nchi kavu hukaa muda mrefu na udongo na mwamba, nayo hutoka na mzigo wake. Wenyeji husema tu kwamba maji yana chumvi. Ndugu zetu wa Zanzibar, Tanga na Mombasa, ambao visima vyao vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, wanalijua jambo hili tangu zamani. Hata Kigoma, ambako watu huchota ziwani kama Nyasa, maji ya Tanganyika yana magnesi nyingi, nayo magnesi ni ndugu wa chokaa katika kuifanya sabuni iwe goigoi.

Wana wa Israeli walipofika Mara walikuta maji wasiyoyazoea, wakamnung'unikia Musa (Kutoka 15). Musa hakuwa ameyatengeneza yale maji. Tunawaomba akina mama wakwe wanaotusoma waikumbuke sura hiyo kabla ya kusema neno juu ya bafu la mkamwana.

Sasa kazi yenyewe. Chokaa haishindwi kwa nguvu, inashindwa kwa uchachu na kwa kungoja. Siki nyeupe ya dukani inatosha. Maji ya ndimu au limau yanafaa pia, na ile asidi ya ndimu ya unga, nyeupe kama chumvi, ni nzuri kuliko zote kwa kuwa haina harufu: vijiko vikubwa viwili kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Dodoma kuna ukwaju mwingi, nao ukiloweshwa mzito unasaidia kwa birika na vyombo vya chuma, ingawa kwenye vigae vyeupe hatuupendekezi kwa sababu ya rangi yake.

Kama bomba la mvua ni la kawaida, lisilo la umeme, lifungue kwa mkono. Likikaza, lizungushie kitambaa ndipo utumie spana, ili lisichunike. Lilaze ndani ya bakuli la siki jioni. Utaona vipovu vidogo vinapanda: hiyo ni ile hewa ya ukaa inatoka tena, na chokaa inaondoka. Asubuhi pitisha mswaki wa zamani juu ya matundu, na yaliyobaki yameziba uyazibue kwa kijiti cha meno. Sindano tunaikataa kwa sababu hupanua tundu. Lile lililopakwa rangi ya kung'aa kama fedha lisilale usiku kucha. Nusu saa inatosha, kisha rudia siku nyingine. Bomba lisilofunguka lifungie mfuko wenye siki kwa mpira, kichwa chote kizame. Mifuko ya Rambo ilikatazwa tangu Juni 2019, lakini mfuko mzito uliokuja na unga wa sembe au chumvi unafaa, tena unakuwa umepata kazi ya pili.

Kwa bomba la umeme, kama la binti yetu, kuna sharti moja kabla ya yote. Zima swichi kuu, si ile swichi ya bafuni peke yake, na mwambie kila aliyemo ndani asiiguse. Kisha fungua sahani ya chini tu, ile yenye matundu, uiloweke kama tulivyosema. Usimwage siki ndani ya mwili wa bomba wala usiufungie mfuko. Koili iliyoko ndani aiangalie fundi wa umeme, na akija mwulize pia kama waya wa ethi umeunganishwa, maana bafu nyingi hazina, na maji na umeme havina urafiki.

Koili hiyo ndiyo inayokula fedha za nyumba. Ikivaa koti la chokaa, joto linashindwa kutoka kwenda kwenye maji, koili inazidi kuwaka yenyewe, na mwisho inakatika. Mama anadhani amenunua bomba bovu, ananunua jingine, nalo linakatika. Ukiliweka kwenye moto mdogo, chokaa inaganda polepole zaidi. Katika nchi ya joto kama yetu sioga ya maji ya kuunguza inayohitajika kila siku, na wenye hita za tangi wanaweza kuishusha hadi nyuzi 60 bila mtu kulalamika.

Kwa ukuta, lowesha kitambaa kwa siki, kibandike juu ya ukoko kwa nusu saa, kisha futa na suuza. Lakini angalia sakafu yako. Terazo na jiwe la marumaru halisi (hatusemi vile vigae ambavyo mafundi wetu huviita marumaru) vyenyewe ni chokaa, na siki itavila kama inavyokula ukoko. Hata saruji iliyo kati ya vigae haipendi kuloweshwa kwa muda mrefu. Mahali hapo tumia kitambaa chenye maji na sabuni tu, na ukaushe baada ya kila kuoga. Kwa kweli kukausha ndiyo siri yenyewe: pasipo tone la maji lililoachwa likauke, hapana ukoko. Kitambaa kikitundikwa mlangoni, na baba naye akaombwa akipitishe ukutani anapomaliza kuoga, kazi ya mwezi mzima inakuwa ya dakika moja kwa siku.

Tunafika kwenye jambo lililotufanya tuijibu barua hii haraka. Mama wa Kihagara anaandika kwamba binti yake, kwa kuogopa ziara ya pili ya mama mkwe, ameshauriwa na jirani achanganye dawa kali ya chooni na Jik, afunge mlango ili dawa ifanye kazi, kisha asugue. Mama, tunakusihi umpigie simu leo.

Asidi yoyote ikichanganywa na Jik au dawa nyingine ya klorini ya kung'arishia nguo, hutoa gesi ya klorini. Ni gesi hiyo hiyo iliyotumika vitani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, na askari wakafa kwa kukosa pumzi. Katika bafu dogo lenye dirisha la kiganja, kikombe kimoja cha kila dawa kinatosha kumwangusha mtu. Macho huwasha, koo hubana, kifua huuma, na kwa mwenye pumu hatari ni kubwa zaidi. Hata siki na Jik visikutane. Ukitumia kimoja, suuza kwa maji mengi, na kile kingine kingoje siku nyingine.

Ikitokea, toka nje kwanza, acha ndoo na brashi hapo hapo. Fungua madirisha kama unaweza kufanya hivyo bila kurudi ndani. Macho yanayowasha yaoshwe kwa maji safi dakika 15, na mwenye kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Na neno moja juu ya binti anayekusaidia kazi. Mara nyingi yeye ndiye anayetumwa bafuni na chupa ambayo hajui kilichomo, na mlango unafungwa ili harufu isifike sebuleni. Kama wewe mwenyewe usingekaa humo, usimweke yeye. Dawa hizi zinazopimwa mitaani na kutiwa kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa tungependa zisiingie kabisa nyumbani mwenye watoto. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua.

Wapo wanaouliza kama maji magumu yanadhuru mwili. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo chochote cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya. Linasema tu kwamba yakizidi kama miligramu 200 za chokaa kwa lita, vyombo huanza kuota ukoko. Haijathibitishwa kwamba ndiyo yanayoleta mawe ya figo. Anayekunywa maji machache kwenye jua kali ndiye aliye katika hatari hiyo. Msichanganye pia chokaa na madini ya floridi yanayotia meno rangi ya kahawia kule Arusha na sehemu za Singida. Hilo ni jambo jingine, na kuchemsha hakuliondoi.

Jikoni binti yetu ataona mengine. Maharage hayaivi upesi kwenye maji magumu, kwa kuwa chokaa hukaza maganda yake, na ndiyo maana akina mama wengi hutia magadi kidogo. Magadi yakizidi huharibu ladha na vitamini, hivyo ncha ya kijiko inatosha. Sabuni ya mche itaisha haraka na kuacha utando wa kijivu kwenye nguo nyeupe. Kwa nguo hizo sabuni ya unga ni afadhali. Nywele zitakuwa ngumu baada ya kuoshwa, na kikombe cha maji chenye kijiko kimoja cha siki, kikimiminwa mwishoni na kusuuzwa, kitazilegeza.

Lakini kwa nywele, chai na maharage, dawa bora inateremka juu ya bati. Dodoma hupata mvua ya kama milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita 50 za mraba likiwekewa mfereji linaweza kushusha zaidi ya lita 25,000 katika msimu mmoja. Hata mwenye mapipa mawili tu ataweza kuyajaza mara nyingi. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi la bati, pipa lifunikwe kwa chandarua kuzuia mbu, na maji ya kunywa yachemshwe kama kawaida. Maji hayo ni laini kama ya kwao Kihagara.