UCHAMBUZI: Chipu ya bei nafuu haitoshi kuendesha roboti ya mwanafunzi

Suala la roboti shuleni lilipata uzito mpya mnamo 2022, pale Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Nchini (KICD) ilipoidhinisha silabasi ya uandishi wa programu za tarakilishi kwa shule za msingi na za upili. Mzazi aliyezoea kununua manila na gundi kwa ajili ya miradi ya CBC huenda sasa akaombwa kununua chipu. Je, anunue ipi?

Chipu inayozungumziwa ni maikrokontrola, yaani tarakilishi ndogo iliyokusanywa ndani ya kipande kimoja, isiyo na skrini wala kibodi, ambayo kazi yake ni kurudia amri chache bila kuchoka. Kwa miaka mingi uwanja huu ulitawaliwa na Arduino, bodi iliyobuniwa mjini Ivrea, Italia, mnamo 2005. Kwa kuwa michoro yake iliwekwa wazi, viwanda vingine viliweza kuinakili, na nakala hizo ndizo zilizoteremsha bei.

Januari 2021, Wakfu wa Raspberry Pi wa Uingereza ulizindua Pico kwa dola 4 za Marekani, takriban Sh520 kwa thamani ya sasa, kabla ya nauli na faida ya muuzaji. Ilikuja wakati mwafaka. Uhaba wa chipu duniani mwaka huo na mwaka uliofuata uliifanya ATmega328P, ambayo ndiyo ubongo wa Arduino Uno, kuadimika na kupanda bei. Isitoshe, Pico ina kumbukumbu ya muda ya kilobaiti 264, ilhali Uno ina kilobaiti 2 pekee.

Kwa hesabu ya shilingi, basi, Pico imeshinda. Hata hivyo, hesabu hiyo haijagusa mota, na hapo ndipo miradi mingi huungulia.

Pini moja ya ATmega328P haipaswi kutoa zaidi ya miliampia 40, na hata kiwango hicho ni cha kuhatarisha chipu. Mota ndogo ya kigari cha kuchezea huhitaji mamia ya miliampia, na magurudumu yanapokwama huweza kuvuta ampia nzima au zaidi. Mwanafunzi anayeunganisha mota moja kwa moja na chipu anaiua, iwe ya Sh500 au ya Sh5,000. Kati ya viwili hivyo lazima pawe na kiendesha mota, ambacho hupokea amri hafifu kutoka kwa chipu na kupitisha umeme mwingi wa betri.

Kiendesha mota maarufu ni L298N. Umaarufu huo, kwa hakika, umepita kiasi. Muundo wake wa kale hupoteza takriban volti 2, hivyo betri nne za tochi zenye jumla ya volti 6 huiachia mota volti 4 hivi. Zilizosalia hugeuka joto bure. TB6612FNG, iliyo ndogo zaidi, hupoteza umeme kidogo mno na hutosha kwa mota zisizozidi ampia 1 hivi. Aliyeokoa pesa kwenye chipu angefanya vyema kuzitumia hapa.

Aidha, Pico hufanya kazi kwa volti 3.3, si 5. Kihisi cha mwangwi cha HC-SR04, kinachopendwa kwa kupima umbali, hurudisha ishara ya volti 5 kinapotumia umeme wa kiwango hicho, na chaweza kuiharibu pini ya Pico iwapo hapajawekwa vipingamizi viwili vya kupunguza volti hizo.

Katika kuandika programu, kasi ya mota hudhibitiwa kwa kuwasha na kuzima umeme mara nyingi kwa sekunde. Ukiwaka nusu ya muda, mota huhisi kana kwamba imepewa nusu ya nguvu. Ajabu ni kuwa chini ya kiwango fulani mota hunguruma tu bila kuzunguka, na kiwango hicho hujulikana kwa kujaribu. Kosa la kawaida ni lile la kuiamuru chipu isubiri sekunde mbili huku kigari kikienda: inaposubiri hivyo haisomi kihisi, na kigari hugonga ukuta ilhali programu haina dosari yoyote ya tahajia.

Makosa ya aina hii hurekebishwa kwa kuandika upya, na kuandika upya hakugharimu kitu. Kwa mujibu wa watengenezaji, kumbukumbu ya programu ya ATmega328P huweza kufutwa na kuandikwa mara 10,000. Darasa likiiandika mara 20 kila siku ya masomo, bodi moja itatumika siku 500, ambazo ni zaidi ya miaka miwili ya shule. Hivyo, agizo la kila mzazi kununua bodi yake halina msingi wa kiufundi. Bodi moja kwa kundi la wanafunzi watano yatosha, na pesa zilizosalia zinunue betri za kuchajiwa.