Masikio yanayolia: Pweto ihitaji kwanza muuguzi, mashine ya sumaku baadaye

Mtu ambaye masikio yake yanavuma usiku na mchana halali vizuri. Akiambiwa kuna mashine ya kumponya, yuko tayari kuuza hata mtumbwi wake. Kwa hiyo tuseme ukweli kuhusu matibabu ya sumaku yanayosifiwa siku hizi.

Mashine hiyo inawekwa juu ya kichwa na kutuma mapigo ya sumaku kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kusikia. Haipasui wala haichomi sindano. Waganga wanafikiri kwamba mara nyingi sikio linaumia kwanza, kisha ubongo unauendeleza mlio. Ukitulizwa ubongo, mlio ungepungua.

Wazo ni zuri, lakini matokeo yanapingana. Mwaka 2015, huko Portland, Marekani, wagonjwa 18 kati ya 32 walipata nafuu; kwa wale waliowekewa mashine ya uongo, walikuwa 7 kati ya 32. Mwaka 2017, utafiti wa hospitali kadhaa za Ujerumani haukuona tofauti kati ya mashine ya kweli na ya uongo. Tayari mwaka 2014, waganga wa masikio wa Marekani walishauri isitumiwe kama tiba ya kawaida.

Wengine watasema: je, sisi wa Pweto hatustahili tiba za kisasa? Tunastahili. Lakini hata mashine hiyo ikiwekwa Lubumbashi kesho, mgonjwa wetu atasafiri zaidi ya kilomita 400, alale huko wiki mbili, alipie tiba ambayo bado haijathibitika.

Wakati huohuo, sababu nyingi za mlio ziko hapa hapa. Kinini inaweza kuleta mlio, ambao kwa kawaida unaisha dawa ikiisha. Gentamisini inaweza kuharibu sikio milele. Kuna mashine za kusaga zinazonguruma ndani ya chumba kidogo, kuna machimbo, na kuna wakaaji waliosikia mabomu ya Desemba 2000. Nta na usaha vinaweza kuondolewa bila sumaku yoyote.

Kwa hiyo wakubwa wa afya wa Haut-Katanga waanze na mambo haya: kila kituo cha afya kiwe na kifaa cha kuchungulia sikio na muuguzi anayejua kukitumia, mgonjwa aulizwe dawa alizomeza, anayepoteza kusikia ghafla atumwe hospitali upesi, bila kungoja wiki. Wenye mashine za kusaga na wakubwa wa machimbo wawape wafanyakazi vizibo vya masikio.

Na wewe unayetumia kinini, usiiache peke yako kwa sababu ya mlio, malaria inaua. Mwambie muuguzi. Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya atesunati mahali pa kinini. Jamaa nao waache kusema ni pepo. Mlio uliodumu miaka huenda usiishe kabisa, lakini mgonjwa anaweza kusaidiwa aishi nao, apate usingizi, arudi kazini. Hilo halidai kuuza mtumbwi.